Karatasi ya Saba na Msiba wa Malindi

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Ukungu umeingia hadi ndani ya steshenari. Karatasi zimelegea, mashine inazitafuna. Mteja wa kwanza amekuja saa nne. Kabla ya hapo nilifanya kazi ya maana: fumbo.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua lilianzaje. Kuna ukurasa mtandaoni unaitwa Karatasi Saba. Mtu asiyejulikana ameweka karatasi sita za maandishi, na kila moja imeficha neno. Ya saba anasema haiko mtandaoni, tutaikuta tukifumbua zile sita. Hakuna awezaye peke yake, ndiyo masharti yenyewe. Kwa hiyo tuko kundi la simu, watu ishirini na watatu: nesi wa Mbeya, mwanajeshi mstaafu wa Songea, mwanafunzi wa Morogoro na wengine. Kutoka Lushoto tuko wawili tu. Mimi Alen, fundi wa herufi. Na Mwalimu Yusta.

Karatasi ya tano niliifumbua mimi. Ilikuwa habari ndefu ya kilimo cha chai, inachosha kweli. Watu walihangaika wiki nzima. Mimi niliitazama mara moja tu nikaona: herufi nyingine zina vimiguu, vile vijistari vya miishoni, nyingine hazina. Ukiziokota zenye vimiguu peke yake unapata TAFUTENI. Nani mwingine angeona? Mtu anayechapa kadi za harusi kila siku! Nilipewa vidole gumba vitatu. Kimoja changu mwenyewe.

Leo Yusta kafumbua ya sita. Ilikuwa na sentensi moja: Ukija bado asubuhi, ondoka. Kasema tuchukue herufi za mwanzo. U, B, A, O. Ubao! Karatasi ya saba iko kwenye ubao wa matangazo mahali fulani nchini. Kundi likalipuka. Makofi, maua, nesi wa Mbeya kamwita malkia. Kwa herufi nne!

Nimekosa hamu ya kula. Jumamosi hii Mjomba Tobia, mshenga wangu, anapeleka barua yangu ya posa Malindi, kile kijiji cha hukuhuku milimani kwetu, kwa Mzee Kristian Shehoza, baba yake Efrazia ninayemposa. Mzee alipanga kwa mkono herufi za madini ya risasi, mojamoja, kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni kwa miaka thelathini na moja. Mimi ananiita mtoa fotokopi. Efrazia anasema nisijali, baba ni mtu wa herufi tu, atanizoea. Mimi nasema hapana. Atakayepata karatasi ya saba jina lake lazima litawekwa juu ya ukurasa kwa herufi kubwa. Nikiwa ni mimi, Mzee hawezi kunikataa. Nikishindwa, nitakuwa mtoa fotokopi hadi nizeeke, tena bila mke.

Naogopa. Lakini nina akili.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya ushindi! Asubuhi nimechapa barua ya posa. Herufi zenye mikia, zile za kadi za harusi. Imependeza mpaka nimeisoma mara nne. Mjomba Tobia kaichukua, kaifunga kwenye kitambaa cheupe, kaondoka nayo kama amebeba mayai.

Kisha mpango. Mbao za matangazo hapa mjini ni nyingi: sokoni, stendi, kanisani, kwenye ofisi. Nahitaji siku moja ya kuzikagua bila Yusta kunifuata nyuma. Kwa hiyo nimemtengenezea karatasi ya saba yake mwenyewe, ya uongo. Itampeleka Malindi akapigwe na baridi kutwa nzima, nami nikague kwa raha.

Nimetumia tangazo la msiba, maana ndilo lililojaa kwenye mbao zetu, na mpangilio ninao tayari kwenye kompyuta: fremu nyeusi, msalaba, mahali pa jina. Nikaandika: Marehemu aliugua kwa muda mfupi ndipo Bwana akampumzisha. MA katika marehemu, LI katika aliugua, NDI katika ndipo, hizo nikazinenepesha kidogo tu. Malindi! Mtu wa kawaida haoni. Yusta ataona. Na marehemu nikamwita Mzee Karata Sisaba, ili ajue ni fumbo na asiogope. Nilicheka peke yangu.

Wakati wa kubandika jina pale kwenye fremu akaingia mtu na barua za shule za kutoa nakala sitini, ana haraka, umeme nao unacheza. Nikanakili, nikabandika, nikachapa, nikamhudumia. Saa sita nimelipachika ubaoni sokoni, mahali Yusta anapopita kila siku akitoka shule. Ukungu ulinificha. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 11 Juni

Mungu wangu.

Mungu wangu.

Nitaandika polepole. Asubuhi nimekagua mbao za stendi na za ofisini. Hakuna kitu. Saa tano nikarudi dukani. Mama Hidaya anayeuza viazi jirani yangu kapita na mzigo wa kuni kichwani na kanga ya msiba kiunoni. Kanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Kanitazama kwa huruma, kasema najikaza, mwanamume lazima ajikaze, ila mkwe ni mkwe hata kama posa haijafika.

Nikakimbia sokoni. Ubao ulikuwa na misumari minne na kona moja ya karatasi. Nikafungua simu. Kwenye kundi Mwalimu Yusta kaandika anaomba radhi, leo hatashiriki fumbo, amefiwa na jirani yao wa nyumbani Malindi. Kaweka na picha ya tangazo.

Fremu yangu. Msalaba wangu. Na katikati, kwa herufi zenye mikia: Mzee Kristian Shehoza, wa Malindi. Maziko Alhamisi.

Nilidhani nimenakili Karata Sisaba. Kumbe sikunakili. Kompyuta ilikuwa bado imeshika jina nililolinakili asubuhi kwenye barua ya posa, ikanibandikia hilo. Nami sikutazama! Mtu wa vimiguu vya herufi, sikutazama jina la mkwe wangu!

Watu ishirini wa kundi wameshatoa pole. Nikaona nikinyamaza watanishuku. Nikaandika: Pole sana Mwalimu, kazi ya Mungu.

Kupiga simu Malindi? Nani anapiga simu kuuliza kama mtu kafa kweli? Huku kwetu tangazo likishasomwa unachukua kuni, ndizi, maharage, unakwenda. Kuuliza ni kukosa adabu. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza. Saa tisa Efrazia kanipigia yeye. Anasema uani kwao kuna watu arobaini. Turubai limeshafungwa. Wanawake wameinjika masufuria. Baba yake alikuwa anafunga mbuzi kule bondeni, kapanda na kamba mkononi, kawasalimu waombolezaji. Bibi mmoja kaanguka chini, wakammwagia maji.

Nikamuuliza Efrazia baba yake kasema nini. Ameomba tu aletewe karatasi.

Alhamisi, 12 Juni

Nisipokwenda ni mkosaji. Nikienda ni mkosaji anayekwenda. Nimekwenda. Bodaboda, mvua ya rasharasha, meno yananigonga, sijui ni baridi au ni lile jambo.

Mzee alikuwa ameketi barazani, karatasi yangu mapajani, lenzi mkononi. Yusta ndiye aliyeibandua ubaoni akaileta kwa familia, kwa heshima zote. Nikatoa shikamoo. Kaitikia marahaba bila kuinua uso. Kisha akakohoa.

Sikuwahi kumsikia akikohoa. Nikahesabu: mara sita kabla ya chai, mara nne baada ya chai. Bibi yule aliyeanguka jana alikuwa pembeni anamenya ndizi. Anasema kwa sauti ya kusikika kabisa kwamba mtu akitangaziwa kifo akiwa hai ni uchuro, huwa hamalizi mwezi. Amewaona wawili kwa macho yake. Nimemuua mkwe wangu kwa kubandika!

Mzee kanigeukia. Kaniuliza, wewe ni mtu wa karatasi, hii imechapwa wapi? Nikasema Tanga. Nikaongeza, au Korogwe. Nikaongeza, hata Dar es Salaam wanachapa hivi. Efrazia alikuwa anamimina chai, akanitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Ndipo Yusta, ambaye jana alikuja na mzigo wa kuni kichwani kutoka barabarani, akasema kuna kundi lake la simu lenye macho ya watu ishirini na watatu wanaosoma herufi kuliko polisi. Wapewe picha nzuri, watamjua aliyechapa. Mzee kakubali. Kashikilia karatasi yeye mwenyewe wakati Yusta anapiga picha, mbele na nyuma.

Nami, kwa kuwa ni fundi wa herufi, nimeombwa nisimamie uchunguzi.

Ijumaa, 13 Juni

Sijafungua duka. Nimekaa ndani nasoma simu.

Wameacha fumbo. Wote! Wanafumbua karatasi yangu. Nesi wa Mbeya ameona kijimstari cha kijivu kinachoshuka upande wa kushoto, kasema ngoma ya mashine hiyo, ile silinda ya wino ndani yake, ina mkwaruzo, kila karatasi itakayotoka itakuwa nao. Mwanajeshi wa Songea ameona kwamba mchapaji anaacha nafasi kabla ya mkato badala ya baada yake. Nimefanya hivyo tangu nianze kuchapa, hakuna aliyewahi kuniambia! Mwanafunzi wa Morogoro kasema herufi zenye mikia ni za harusi, hakuna mtu mwenye akili anayezitumia msibani.

Nikaandika, kama msimamizi, kwamba tusikimbilie hitimisho. Nikaweka wazo kwamba huenda karatasi imechapwa Kenya.

Saa saba mwanafunzi akauliza mbona herufi nyingine ni nene. Nikamwona anaandika, anaacha, anaandika. MA. LI. NDI. Kisha akasema kile nilichokuwa nakiogopa: anayeficha neno hivi ni mmoja wetu.

Nesi akauliza ni nani wa kundi anaishi karibu na Malindi. Yusta akajibu yeye. Kisha akaongeza: na Alen.

Nimezima simu. Nikafikiri upesi. Ushahidi ni mkwaruzo. Nikaifungua mashine, nikausugua mkwaruzo kwa kisu cha mezani. Nikachapa karatasi ya majaribio. Sasa ina mistari mitatu.

Kisha likanijia lingine. Barua ya posa! Mashine ileile, mkwaruzo uleule, mikia ileile. Kesho itawekwa mikononi mwa Mzee mwenye lenzi! Nikaenda kwa Mjomba Tobia mbio, nikamwambia barua ina kosa dogo, anirudishie nirekebishe. Mjomba kaniambia barua ya posa ikishafungwa na mshenga haifunguliwi, ni mkosi, watu watasema kijana kabadili nia. Nikamwambia mkosi uko ndani yake tayari. Hakunielewa. Nilipojaribu kuinyakua mezani kaikalia. Mjomba ni mtu mzito.

Jumamosi, 14 Juni

Wameondoka asubuhi, Mjomba na wazee wengine wawili, makoti na kofia, heshima tupu. Mimi siruhusiwi kwenda, ndiyo desturi. Nimekaa dukani, mlango nusu. Kila aliyepita nimemwona kama anatoka Malindi kunikamata.

Nimepiga hesabu zangu zote. Kukimbilia Zirai kwa dada yangu. Kusema mashine iliibwa Jumanne ikarudishwa Jumatano. Kuugua. Hili la kuugua nililijaribu mpaka saa nane, nikajilaza kaunta, lakini Mama Hidaya kaja na uji nikaunywa wote, ikawa haina maana tena.

Mjomba amerudi saa kumi. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasimulia akiwa ananitazama viatu. Mzee aliwapokea vizuri. Barua akaitoa kwenye kitambaa. Hakuisoma. Aliilaza mezani kando ya tangazo la msiba, kushoto kwa kushoto, akachukua lenzi, akainama. Mjomba anasema alikaa hivyo muda wa kula sahani nzima ya wali. Wakasikia anakohoa. Kisha akavua miwani akaweka karatasi zote mbili kwenye bahasha moja.

Nikamuuliza Mjomba, Mzee kasema nini. Mjomba kasema ametumwa maneno haya na hakuongeza hata moja:

"Mwambieni aliyenizika aje mwenyewe."

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda baada ya ibada. Sikusikia mahubiri, nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu atatangaza kifo cha kweli.

Walikuwa barazani watatu: Mzee, Efrazia, Yusta. Shikamoo yangu ilitoka kama ya kifaranga. Mzee hakupiga kelele, na ningefurahi angepiga. Kaniuliza nilikuwa namtega nani. Nikasema Mwalimu Yusta. Kaniuliza kwa nini. Nikaeleza yote, ukurasa, jina kubwa juu, mtoa fotokopi, posa. Nilipoanza sikuweza kuacha. Nikalia, tena mbele ya Yusta.

Mzee akakohoa, akasubiri kifua kitulie.

"Nimepanga matangazo ya misiba mengi kuliko siku zako za kuishi," akasema. "Kila jina nililisoma mara tatu kabla ya kulifungia mashineni. Mara tatu, kijana. Kwa sababu kuna watu watalia."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka magotini. Yusta kasema taratibu kwamba aliziona zile herufi nene tangu Jumanne pale ubaoni, ila alidhani wino umevuja, na mtu akifiwa hakai kuhesabu herufi. Alikwenda kukata kuni. Hilo lilinichoma kuliko la Mzee.

Hukumu: kuni na maharage ya watu haviwezi kurudi vilikotoka, kwa hiyo Jumamosi ijayo wote arobaini wataitwa waje kula, na atakayepika na kuosha masufuria ni mimi. Kesho nitaandika kwa mkono, si mashine, tangazo la kusahihisha, nilibandike sokoni, nisimame kando yake kutwa nzima nimweleze kila anayesoma. Na barua ya posa nimerudishiwa. Imejaa wino mwekundu, alama za wachapaji wa zamani, makosa arobaini na moja. Chini kaandika: Irudiwe kwa mkono.

Nikauliza, kwa hiyo posa haijakataliwa?

Mzee kasema nilete mwezi huu ukiisha. "Ukinikuta hai," akasema, "tutaongea."

Efrazia kanisindikiza hadi getini. Hakunishika mkono. Kasema tu nimwombee baba yake kikohozi kiishe, maana kaka zake hawataki hata kusikia jina langu. Baba akienda, hakuna wa kuipokea barua.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesimama ubaoni tangu saa mbili. Tangazo langu linasomeka: Mzee Kristian Shehoza ni mzima, kosa ni langu, Alen. Watu mia moja na zaidi wamenisomea kwa sauti. Mmoja kaniuliza mimi mwenyewe nitafariki lini.

Mchana simu ikalia, ukurasa wa Karatasi Saba umeweka habari. Karatasi ya saba imepatikana! Nesi wa Mbeya kaikuta kwenye ubao wa kazini kwake, ilikuwa hapo wiki mbili. Ilisema tu: andikeni majina ya wote mlioshirikiana. Nao wakayaandika jana, na ukurasa umeyapokea. Hakuna jina la juu. Hakuna herufi kubwa. Ni orodha ya watu ishirini na wawili kwa alfabeti, herufi za ukubwa mmoja. Mimi wameshanitoa kwenye kundi. Kwa alfabeti ningekuwa wa kwanza. Ningekaa tu bila kufanya lolote, ningekuwa wa kwanza!

Nimempigia Efrazia mara tatu kuulizia kikohozi. Mzee asubuhi kakohoa mara tano, mchana mara nne. Kinashuka. Nimempelekea asali na tangawizi kwa dereva wa bodaboda. Usiku sitalala vizuri mpaka mwezi huu uishe, na leo ni tarehe kumi na sita tu. Naomba kila saa. Naomba kwa kumaanisha.

Barua ya posa nimeianza hapahapa ubaoni, kwa mkono, karatasi juu ya goti. Nimeandika taratibu. Jina la Mzee nimelisoma mara tatu kama alivyosema. Hakuna mkato uliokosewa. Ni barua nzuri, nyenyekevu, na kila neno la kuomba radhi ni la kweli.

Kuna jambo moja dogo tu. Sidhani kama ni haki lawama zote ziwe zangu. Mimi nilibandika karatasi moja, nani aliisambaza kwa simu? Siwezi kusema wazi, ingeonekana sijajutia. Kwa hiyo aya ya pili, ukichukua herufi zilizokolea kidogo, kidogo sana, inatoka: YUSTA NDIYE ALIYESAMBAZA. Nimekoleza kwa ncha tu ya kalamu. Nimeishika mbali nikaitazama, nikaishika karibu, nikaigeuza juu chini. Mzee ana miaka sabini na minne na macho yamechoka.

Hataona.